Uzi: Mwili unamjuaje mdudu? Kinga, mtoki, dengue na ile "taifodi" isiyoisha

Darubini (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Ukishuka Mwenge au ukikatiza Msimbazi kuingia Kariakoo hukosi mtu mwenye chupa mkononi: "hii inaongeza kinga". Ipo ya tangawizi na limao, upo unga wa mlonge, ipo na ya kijani ambayo muuzaji mwenyewe ukimbana hasemi ina nini ndani. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Ninachowauliza ni kimoja tu: hiyo kinga ikishaongezeka, itamjuaje wa kumpiga?

Maana kupiga si shida. Mwili una kemikali za kuua karibu kila chenye uhai, mwili wenyewe ukiwemo. Kazi iko kwenye kutambua. Sasa hivi tumboni mwako kuna wali maharage ambao si wewe, kuna bakteria wasiohesabika ambao si wewe lakini unawahitaji, na kama ni mjamzito kuna mtoto ambaye nusu ya asili yake ni ya baba yake. Wote hao waachwe. Halafu anaingia bakteria wa kipindupindu, huyo asiachwe. Nani anawatenganisha, na kwa alama gani?

Ngozi, makamasi, machozi, tindikali ya tumbo tulifundishwa shule ya msingi, nayaruka. Naanzia mdudu alipokwisha kuingia.

Umekanyaga msumari Tandale baada ya mvua. Bakteria wameingia pamoja na tope. Chini ya ngozi kuna seli wakaazi, makrofaji, ambazo hazijawahi kuwaona bakteria hao na wala hazihitaji. Zinatafuta vitu ambavyo bakteria hawezi kuishi bila navyo na binadamu hana. Ganda la nje la bakteria wengi wa tumboni lina mafuta yaliyoshikamana na sukari, lipopolisakaraidi. Mkia wa kuogelea umejengwa kwa protini iitwayo flajelini. Virusi wengi wakizaliana huacha RNA ndefu ya nyuzi mbili, kitu ambacho seli zetu kwa kawaida hazina. Mdudu anaweza kubadilisha vitu vingi, ila kubadilisha ganda lake lote ni kujiua.

Makrofaji ikigusa kimoja cha hivyo inapiga yowe la kemikali. Mishipa midogo inatanuka na kuvujisha maji, ndiyo maana panavimba, panakuwa pekundu, pana joto na panauma. Nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, zinamiminika kutoka kwenye damu, zinameza bakteria na kufa. Uboho hutengeneza kama bilioni 100 za hizo kila siku. Usaha unaoukamua ni maiti zao kwa sehemu kubwa.

Vipokezi vya kugundua alama hizo vilitabiriwa kabla havijaonekana. Charles Janeway wa Yale aliandika mwaka 1989 kwamba lazima viwepo. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann kule Strasbourg likaonyesha kwamba inzi wa matunda ambao jeni yao iitwayo Toll haifanyi kazi wanaliwa na ukungu mpaka wanakufa. Mwaka 1998 Bruce Beutler, akiwa Dallas, akakuta panya wana kipokezi cha ukoo huohuo kinachogundua lipopolisakaraidi. Wawili hao waligawana Nobel ya 2011 na mtu wa tatu, nitamfikia.

Sasa angalieni hili, wauza chupa. Panya wa Beutler ambao kipokezi hicho kilikuwa kibovu walidungwa dozi ya lipopolisakaraidi inayoua panya mzima, nao wakaendelea kutembea. Ile dozi haimuui panya yenyewe. Kinachomuua ni yowe lake. Mgonjwa ambaye damu yake imeingiwa na bakteria akafika chumba cha wagonjwa mahututi, presha imeshuka na figo zimegoma, mara nyingi kinga yake haijapungua. Imefanya kazi kupita kiasi.

Maswali ruksa.

Kipanga wa Buguruni

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, ukifika kwenye hesabu uniamshe.

Mzee wa Mitishamba

Mleta uzi umekuja kutuharibia biashara asubuhi yote hii. Babu zetu walikunywa mwarobaini na hawakujua Dallas iko wapi.

BintiTandika

Kaka Darubini, mie swali langu dogo. Nilipata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, mtoki ukanitoka kinenani. Bibi akasema nikandwe na chumvi ya moto. Kidonda kiko chini kabisa, kinena kinaingiaje hapo?

Darubini

BintiTandika, umeuliza swali dogo lenye jibu refu kuliko yote.

Makrofaji na nyutrofili ni wepesi lakini hawajui jina la mtu. Wanajua "huyu ni bakteria", hawajui ni bakteria gani. Kwa hiyo pale kidoleni kuna seli nyingine zenye matawi matawi, seli za dendriti. Humeza kipande cha mdudu, hung'oka pale zilipo, na kusafiri kwenye mishipa ya limfu kupanda juu. Maji ya limfu ya mguuni lazima yapite kwenye tezi za kinena. Seli ikifika pale inakibandika kipande cha mdudu juu ya ngozi yake na kukaa kukionyesha kwa kila seli T inayopita, yaani chembe nyeupe ya damu ambayo kila moja ina kipokezi chake. Zinapita maelfu kwa maelfu. Ikipatikana moja ambayo kipokezi chake kinashika kile kipande, inaanza kujigawa: mbili, nne, nane, na kuendelea. Tezi inajaa, inavimba, inauma. Huo ndio mtoki wako. Usiukande wala usiukamue, shughulikia kidonda. Kidonda kikipona na tezi ikaendelea kukua, hapo uende hospitali.

Aliyegundua seli hizo, mwaka 1973 akiwa New York pamoja na Zanvil Cohn, ni Ralph Steinman. Huyo ndiye mtu wa tatu wa Nobel ya 2011. Alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 30 Septemba, na tuzo ikatangazwa tarehe 3 Oktoba. Kamati haikuwa na habari. Kanuni zao hawampi marehemu, lakini wakaamua ibaki yake.

Sasa niulizeni: hiyo seli T moja yenye kipokezi cha kushika mdudu wa tope la Tandale imetoka wapi, na mdudu mwenyewe ndiyo kwanza anaingia?

Kipanga wa Buguruni

Imetoka wapi? (Nimeamka.)

Darubini

Ilikuwepo kabla ya mdudu. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, hata waliosoma baiolojia. Wanadhani mwili unamwona mdudu kisha unatengeneza silaha ya kumfaa.

Chukulia fundi funguo wa Kariakoo ambaye hangoji mteja alete kitasa. Anachonga funguo mamilioni, ovyo ovyo, hakuna mbili zinazofanana, anazitundika. Halafu anangoja vitasa vije. Ukitokea ufunguo mmoja unaoingia, huo ndio anautolea nakala maelfu. Nyingine zinabaki zimetundikwa mpaka zichakae, na kila siku anachonga mpya.

Swali lililowasumbua watu miaka mingi ni hili. Binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini. Aina za kingamwili, yaani protini za kumshika mdudu, anazoweza kutengeneza zinavuka mamilioni kwa mbali. Maelekezo yote hayo yameandikwa wapi? Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa Basel, alionyesha mwaka 1976 kwamba hayajaandikwa. Seli B, ndiyo inayotengeneza kingamwili, ikiwa inakua inakata vipande vya jeni zake yenyewe na kuviunganisha upya kwa kubahatisha, kipande hiki na kile, na kwenye maungio inaongeza au kupunguza herufi. Seli T hufanya mchezo huohuo. Alipewa Nobel ya 1987 peke yake, na kwa maoni yangu ni moja ya zilizostahili kuliko zote.

Kubahatisha kuna gharama. Vipokezi vingine vitatokea vinashika mwili wenyewe. Ndiyo maana seli T changa hupelekwa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na huko zinajaribiwa kwa vipande vya mwili. Inayoshika kwa nguvu inauawa, isiyoshika chochote kabisa inafia hapohapo. Zaidi ya asilimia 90 hazitoki. Mpaka 1961, Jacques Miller alipoiondoa kwa panya wachanga kule London wakabaki bila kinga ya maana, wakubwa wa tiba waliiona thaimasi kuwa kiungo kisicho na kazi. Na mchujo huo hauko kamili: kisukari kinachoanza utotoni na lupasi vinatokana na seli ambazo zilipaswa kuzimwa lakini zipo.

Kuipata seli moja inayofaa na kuizalisha kunachukua siku kadhaa. Hicho ndicho kipindi unachoumwa. Ukishapona, baadhi ya seli hizo hazifi. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe baada ya miaka 65 bila kuonekana. Daktari kijana Peter Panum akakuta wazee walioiugua ile ya 1781 hawakuguswa tena.

Mfugaji wa Chanika

Wakuu naomba nichangie kwa upande wa kuku, maana mleta uzi ametaja seli B na hakusema B imetoka kwetu wafugaji.

Kila anayefuga broila Chanika, Mbezi au Kigamboni anaijua Gumboro. Vifaranga wa wiki tatu mpaka sita wanajikunyata, wanaharisha nyeupe, na nyuma pamechafuka. Mpasue aliyekufa, juu kidogo ya njia ya haja utakuta kifuko kimevimba, wakati mwingine kina damu. Ni kifuko cha Fabricius, tabibu wa Padua, Italia, aliyekieleza karne nne zilizopita. Virusi wa Gumboro wanakwenda moja kwa moja hapo. Jina la ugonjwa ni la mji wa Gumboro, jimbo la Delaware, Marekani, ulikoripotiwa mwaka 1962.

Kazi ya kile kifuko ilijulikana kwa bahati. Bruce Glick alikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akawa anawatoa vifaranga kifuko kuona itakuwaje, na hakuona cha maana. Mwenzake Timothy Chang akahitaji kuku wa kuonyeshea wanafunzi jinsi kingamwili zinavyotokea baada ya kudungwa antijeni (vitu vya kuamsha kinga) za bakteria Salmonella, akaazima wale wa Glick. Wale wasio na kifuko hawakutoa kingamwili. Jarida kubwa la sayansi likawakatalia makala, wakaichapisha mwaka 1956 kwenye jarida la ufugaji kuku. Herufi B ni ya hicho kifuko, kwa Kilatini bursa. Binadamu hana, zake zinakomaa kwenye uboho.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: kifaranga aliyeponea Gumboro utamchanja kideri na chanjo haitashika vizuri, kwa sababu kiwanda kimeungua. Watu wanalaumu chanjo ya kideri kumbe tatizo lilipita wiki mbili nyuma. Na tukiwa hapo, chanjo ya kwenye maji msichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inauawa kabla kuku hajainywa.

BintiTandika

Jamani Mfugaji, asante. Mie nilidhani kuku wanakufa na upepo.

Kipanga wa Buguruni

Haya, mmenifikisha kwenye langu. Kila nikienda kupima, hata nikiwa na mafua tu, naambiwa "una malaria na taifodi". Malaria nameza dawa, inaisha. Taifodi haiishi. Mwaka jana, mwaka huu, kila nikipima ipo. Hii kinga yangu haimtambui mdudu wa taifodi au?

Sista Zamu ya Usiku

Habari zenu. Kaka Kipanga, inaelekea kinga yako inamtambua vizuri mno, ndiyo maana kipimo kinasoma chanya kila siku.

Kipimo unachofanyiwa kwenye vituo vidogo vingi ni Widal. Ni cha mwaka 1896, cha Mfaransa Georges-Fernand Widal. Wanachukua majimaji ya damu yako, wanayachanganya na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa, na kama una kingamwili za kuwashika, mchanganyiko unaganda vichembe vichembe. Hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kumbukumbu yako ya mdudu. Uliwahi kuugua miaka iliyopita, au ulichanjwa, au ulikutana na Salmonella wa jamii nyingine kwenye chakula, kumbukumbu ipo. Hata malaria inaweza kukifanya kisome chanya. Kwa jiji ambalo watu wengi wamewahi kukutana na hao wadudu, kusoma chanya mara moja hakumaanishi sana. Anayetaka kujua kama bakteria yupo kwenye damu leo, anaotesha damu maabara. Inachukua siku kadhaa, ina gharama, na ukishameza antibayotiki kabla ya kutoa damu umeshaiharibu.

Kile kijiti cha malaria, mRDT, ni kinyume chake. Pale kingamwili ziko kwenye kijiti, zinanasa protini ya kimelea mwenyewe iitwayo HRP2. Kwa hiyo hicho kinatafuta mdudu. Shida yake ni kwamba hiyo protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Umemaliza dawa wiki iliyopita, umepima kwa kijiti, chanya, unapewa dozi nyingine bure. Omba BS, waangalie kwa hadubini.

Na kipimo cha haraka cha VVU kinasoma kingamwili vilevile. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa kinaweza kusema hasi, na ndiyo maana hakimfai mtoto wa chini ya miezi 18. Kingamwili za mama zimevuka kondo la nyuma, zimo kwenye damu yake, na zitasoma chanya hata kama mtoto hana virusi. Mtoto anapimwa DBS, tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, inatafuta virusi vyenyewe.

Kipanga wa Buguruni

Kwa hiyo zile sindano zote nilizochomwa...

Sista Zamu ya Usiku

Siwezi kumsemea aliyekuchoma, sikuwepo. Ila siku nyingine uliza: kipimo hiki kinamtafuta mdudu au kinatafuta kingamwili?

Mzee wa Mitishamba

Sista umeongea vizuri, nakupa hiyo. Lakini mbona hamsemi kuhusu lishe? Mtoto akidhoofu anaumwa kila wiki, akilishwa anatulia. Si ndiyo kuongeza kinga huko?

Darubini

Mzee, hapo huna ubishi na mimi. Mtoto asiye na protini ya kutosha, vitamini A au zinki, kinga yake inashuka kweli. Yale matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hayatolewi kwa urembo. Ila huko ni kurudisha kilichopungua. Aliyeshiba hapandi juu ya hapo kwa kikombe cha pili cha mlonge. Uza mlonge kama mboga, nitanunua.

Mwana wa Kigoma

Wakuu, nimezaliwa Kigoma na nimekulia huko. Malaria nimeugua utotoni mpaka nikaacha kuhesabu. Surua niliugua mara moja ikaisha. Kama kinga ina kumbukumbu, malaria inaisahau vipi?

Darubini

Haisahau. Inabadilishiwa sura.

Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu kikiwa ndani ya chembe nyekundu kinatoa protini iitwayo PfEMP1 na kuipachika nje ya chembe hiyo, ili ing'ang'anie ukuta wa mshipa isipelekwe kwenye wengu kuchujwa. Kingamwili zako zinaiona na kuishika. Lakini kimelea kina jeni kama 60 za protini hiyo, na kinatumia moja kwa wakati. Unapomaliza wiki unatengeneza kingamwili za toleo la kwanza, baadhi ya wajukuu wa kimelea wameshavaa la pili. Na kimelea cha mtu wa Uvinza kina orodha tofauti na cha mtu wa Kasulu.

Ndiyo maana mtoto wa Kigoma hujenga kinga kidogo kidogo, homa kwa homa. Akifika ukubwani anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na akaenda shambani bila kujua. Kinga hiyo hailali usingizi mrefu: akikaa Ulaya miaka kadhaa, akirudi likizo anaweza kuugua vibaya kama mgeni. Hapa Dar malaria ni chache kuliko kwenu, kwa hiyo aliyezaliwa Sinza akija kukutembelea Kigoma usimwambie "mbona sisi hatulali na chandarua".

Linganisha na ndui. Virusi wa ndui walikuwa na sura moja, chanjo ikawamaliza. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, akaja kufanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio. Alifariki 2013, kwa malaria.

Chanjo za malaria zilizopo, RTS,S iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021 na R21 ya 2023, zote zilipita kwenye majaribio Bagamoyo hapo jirani. Hazihangaiki na ile PfEMP1. Zinamlenga kimelea anapotoka kwenye mate ya mbu, kabla hajafika ini, akiwa bado na koti ambalo sehemu yake kubwa haibadiliki. Muda wa kumkamata pale ni dakika, labda saa. Ndiyo maana zinapunguza malaria bila kuizuia kabisa.

Mama Wawili Kimara

Naomba na mie nimuulize Sista. Nimejifungua, mama mkwe kutoka kijijini ananiambia nimwage dang'a, ni maziwa machafu. Na kwa nini chanjo ya surua wanangoja mpaka miezi tisa, si wangempa akizaliwa tu?

Sista Zamu ya Usiku

Hongera mama. Dang'a usimwage hata tone. Ina kingamwili nyingi sana za aina ya IgA, zinapaka utumbo wa mtoto kwa ndani na kuzuia wadudu kushika. Na ni kingamwili za wadudu wa nyumba yenu na mtaa wenu, kwa sababu ni wewe uliyekutana nao. Mkwe mjibu kwa adabu, mwambie sista amekataza.

La surua linatokana na hilohilo. Mtoto anazaliwa na kingamwili zako za IgG zilizopita kondo la nyuma. Ukimchanja mapema, kingamwili zako zinawashika virusi vya chanjo na kuvimaliza kabla kinga ya mtoto haijaviona, hajifunzi kitu. Kwetu anapewa miezi 9, zako zikiwa zimepungua, halafu ya pili miezi 18. Hiyo ya pili usiikose. Surua ina ubaya ambao watu hawaujui: inashambulia seli za kumbukumbu. Utafiti uliotoka 2019, wa watoto wasiochanjwa huko Uholanzi, ulikuta surua imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto anapona surua, kisha anaanza upya kuugua vitu alivyokwisha kuvishinda.

Mwana wa Kigoma

Hiyo ya surua sikuwahi kuisikia popote.

Tabata Relini

Samahani wakuu naingilia, nimesoma uzi wote nikiwa kitandani. Homa siku ya tatu, kichwa na nyuma ya macho vinauma, viungo kama nimepigwa. mRDT hasi. Kituo kimoja huku mtaani wamepima Widal, chanya, wameandika sindano za siku tano. Na diklofenaki ya maumivu. Nichome?

Sista Zamu ya Usiku

Diklofenaki iache kwanza, na aspirini, na ibuprofeni. Kama ni dengue zinaongeza hatari ya kutoka damu. Meza parasetamoli, kunywa maji mengi na ORS. Halafu nenda hospitali upime FBP (hesabu ya chembe za damu) na dengue. Siku hizi za mwanzo waombe NS1, hiyo inatafuta protini ya virusi wenyewe. Ukisubiri zaidi ya siku tano itabidi wapime IgM, yaani kingamwili.

Uliwahi kuugua dengue?

Tabata Relini

2019 ile iliyotupiga Dar. Nilithibitishwa kabisa. Si ndiyo nina kinga?

Darubini

Tabata, nenda leo, usingoje kesho. Nakueleza kwa nini wakati unavaa viatu.

Virusi wa dengue wako aina nne. Aliyeugua moja anapata kinga ya miaka mingi kwa hiyo moja, kwa nyingine ni ya miezi tu. Baada ya hapo anabaki na kingamwili zinazoshika aina nyingine bila kuizima. Makrofaji ina vipokezi vya kushika mkia wa kingamwili. Ikikuta kingamwili imebeba kitu inakimeza, ndiyo kazi yake. Na ndani ya makrofaji ndipo virusi wa dengue wanapozaliana. Kwa hiyo kingamwili za 2019 zinaweza kuwafungulia mlango. Virusi wanakuwa wengi, yowe linakuwa kubwa, mishipa inavujisha maji, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinashuka.

Cuba ilipitia aina ya kwanza mwaka 1977, watu wakaugua wakapona. Mwaka 1981 ikaja aina ya pili, wakafa watu 158. Na Ufilipino walisimamisha chanjo ya dengue mwaka 2017 ilipobainika kwamba watoto ambao hawakuwahi kuugua, wakichanjwa, walikuwa hatarini zaidi walipokutana na dengue yenyewe.

Wengi wanaougua mara ya pili wanapona vizuri. Ila wewe ni wa kuangaliwa.

Mzee wa Mitishamba

Kijana ukirudi usinywe kitu changu chochote. Maji tu.

Tabata Relini

Nipo kwenye bajaji. Nitaleta mrejesho.

Kipanga wa Buguruni

Tabata mrejesho? Zimepita saa nne.

Tabata Relini

NS1 chanya. Chembe sahani zimeshuka lakini daktari anasema hazijafika pabaya. Wamenitundikia dripu, nalazwa. Sindano za taifodi wamefuta. Homa yenyewe naona imeanza kushuka, pengine kesho wataniruhusu.

Sista Zamu ya Usiku

Homa ikishuka usiwahimize wakuruhusu. Dengue kali inaanza homa ikiwa inashuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, hapo ndipo mishipa inapovuja. Tumbo likianza kuuma sana, ukitapika mfululizo, fizi zikitoka damu, ukihisi kulegea au mikono ikawa ya baridi, mwite muuguzi hapohapo hata kama ni saa tisa ya usiku. Na ubaki na ndugu mmoja anayejua kusoma hii orodha.

Tabata Relini

Dada yangu yupo. Nimempa simu asome uzi.